Dungu la Sukari

Kwa miaka sita sasa mama yangu mdogo amekuwa akimchoma binti yake insulini pungufu, na anafanya hivyo kwa makusudi. Kadi ya kliniki inasema uniti 14 jioni. Yeye anavuta 10, msimu mwingine 8. Si kwamba hajui kusoma vipimo. Aliishia darasa la saba, lakini mistari ya bomba la sindano anaifahamu kuliko mimi niliyesomea kemia. Anapunguza kwa sababu dawa ile ikishaingia mwilini hairudi, na kuna miezi ambayo hana uhakika kama usiku huohuo mtoto atakula cha kutosha kuizuia dawa isimuue.

Kwenye kadi hiyohiyo mtu fulani ameandika kwa kalamu nyekundu: mgonjwa hafuati masharti. Swali langu linaanzia hapo. Je, mama huyu anakosea? Nitalipitisha swali hili kwenye kemia, tena kemia ya mbali, kwa sababu kuna watu ambao kwa zaidi ya miaka ishirini wamehangaika kujenga molekuli yenye kazi moja tu: kuitambua sukari ya damu na kuviacha vingine vyote vipite. Nilipoanza kusoma kazi yao nilikuwa natafuta mada ya utafiti. Nilichokipata ni namna nyingine ya kuiangalia ile kalamu nyekundu.

Kwetu ni Zombo, wilaya ya Kilosa, upande wa Mikumi. Watu wanalima mahindi, mpunga na ufuta. Ukishuka kusini ukaipita Mikumi, ukafika Kidodi na Ruaha, unaingia katika nchi ya miwa: viwanda viwili vya sukari vya Kilombero, kimoja ng'ambo ya Mto Ruaha Mkuu na kingine upande wetu wa Kilosa. Miwa ikichomwa kabla ya kukatwa, majivu meusi yanaelea mpaka kwenye nguo zilizoanikwa. Kwa hiyo sukari kwetu ni kibarua cha mjomba, ni bidhaa iliyoadimika mwanzoni mwa 2024 hadi watu wakarudi kwenye uji wa chumvi, na ni ugonjwa. Kiswahili hakikujisumbua kutenganisha. "Ana sukari," tunasema, na mgeni angeweza kudhani tunamwonea mtu wivu.

Zamani ugonjwa huu ulikuwa nadra vijijini. Utafiti uliochapishwa 1989, uliofanyika katika vijiji sita vya Tanzania, ulikuta chini ya mtu mzima mmoja kati ya 100. Uchunguzi wa kitaifa wa 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takriban 9 kati ya 100. Wengi wa hao wana ile aina inayokuja na umri na unene. Binti wa mama mdogo ana aina nyingine, ambayo kinga ya mwili yenyewe inaziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Haihusiani na miwa aliyotafuna utotoni, ingawa majirani bado wanaamini hivyo. Ilimwanza akiwa na miaka 11: kiu, mkojo, kukonda. Zahanati ya kwanza ilimtibu malaria, ya pili UTI. Alifikishwa hospitali akiwa hana fahamu. Hadithi hii ni ya kawaida mno kwa watoto wa aina hii Afrika nzima, na wengi hawafiki hospitali, kwa hiyo sitaikalia.

Ninachotaka kukikalia ni dawa yenyewe. Insulini ya chupa ni kipofu.

Mtu mzima mwenye afya ana lita kama 5 za damu, na humo mna glukosi ya gramu 4 au 5 tu, kijiko kimoja cha chai. Mwili unakilinda kijiko hicho kwa wivu wa ajabu. Kikizidi mara mbili kwa miaka mingi, mishipa midogo ya macho na figo inaharibika. Glukosi ikishuka chini ya milimoli 3 kwa lita, ubongo unaanza kukosa chakula: jasho baridi, kutetemeka, maneno kuchanganyika, degedege, na mtu asipopewa kitu kitamu kwa wakati, kifo. Kongosho zima linausoma mwenendo wa kijiko hicho dakika kwa dakika, linatoa insulini kidogo, linanyamaza, linatoa tena. Dawa ya chupa haina habari hizo. Ukichoma uniti 14 saa kumi na mbili jioni, zitafanya kazi ya uniti 14, uwe umekula ugali ukashiba au umekunywa uji mwepesi ukalala. Dawa haioni, hivyo lazima awepo mtu wa kuwa macho yake.

Na macho hayo ni ghali. Huko Ulaya (ile ya ng'ambo, siyo Ulaya kata ya jirani yetu) mgonjwa anabandika mkononi kidude kinachosoma sukari kila dakika chache na kupiga kelele kwenye simu ikianza kushuka. Zombo tuna kimashine cha kuchoma kidole na stripu. Boksi la stripu 50 tunalinunua Morogoro mjini kwa bei ya debe mbili za mahindi, mwaka mwingine tatu. Stripu moja inakupa namba moja, na baada ya saa mbili namba hiyo ni habari ya jana. Mama mdogo anazitumia kama mtu anayehesabu risasi: moja asubuhi ikibidi, moja akimwona mtoto amebadilika.

Hesabu yake sasa inaeleweka. Miezi ya Januari hadi Aprili, mahindi ya mwaka jana yamekwisha na ya mwaka huu yako shambani. Chakula kinapatikana, lakini hakina ahadi. Sukari ya juu inaua polepole, kwa kupitia macho, figo na miguu. Sukari ya chini inaua kabla jogoo hajawika. Anayepunguza dozi analipia usiku wa leo kwa macho ya miaka 15 ijayo. Niliwahi kumweleza habari za figo kwa upole wote nilioweza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, mwanangu. Sasa nikimchoma zote halafu asile, asubuhi namwamsha nani?"

Mimi nasema hakosei. Na sisemi hivyo kwa huruma, kwa maana ya kwamba ni mama maskini tumsamehe. Nasema hesabu yake ni sahihi. Uniti 14 ni nusu ya sentensi, nusu yake ya pili ni "ikiwa utakula kama kawaida na utaweza kupima." Daktari aliandika nusu ya kwanza, akaiacha ya pili hewani kwa sababu katika vitabu alivyosomea nusu ya pili ipo siku zote. Mama mdogo ndiye aliyeisoma sentensi nzima. Neno "masharti" kwenye ile kadi limekaa upande usio wake: dawa ndiyo yenye masharti, na masharti hayo hayajatimizwa na yeyote kati ya wanaomlaumu.

Mpaka hapa unaweza kusema ni suala la umaskini tu: mpeni stripu, mpeni chakula, hoja imekwisha. Ni kweli kabisa, na yeyote mwenye stripu azilete. Lakini ukisema hivyo umekubali kwamba upofu wa dawa ni jambo la asili, kama mvua, na kwamba kazi yetu ni kumkodishia mgonjwa macho. Wakemia wachache hawakukubali. Waliuliza kama dawa yenyewe inaweza kupewa macho.

Ugumu wa kazi hiyo haujulikani sana nje ya maabara. Ili kitu kiione glukosi ndani ya damu, lazima kiitofautishe kwanza na maji. Molekuli ya glukosi imejaa makundi ya haidroksili, oksijeni moja na haidrojeni moja, na maji nayo yameundwa kwa oksijeni na haidrojeni hizohizo. Sukari imevaa nguo za maji. Na kwa kila molekuli moja ya glukosi ndani ya damu ya mtu mwenye afya, kuna molekuli za maji kama 11,000 zinazoizunguka. Hebu fikiria kumtafuta mtu mmoja kwenye umati wa watu 11,000, wote wamevaa sare ileile aliyovaa yeye.

Ukishamtenga na maji, kuna ndugu zake. Galaktosi ina atomu zilezile, idadi ileile, mpangilio uleule, isipokuwa haidroksili moja imeinuka juu badala ya kulala pembeni. Manosi nayo ni hivyo, ila mahali pengine. Emil Fischer, Mjerumani aliyetanzua maumbo ya sukari hizi mwishoni mwa karne ya 19, ndiye aliyesema mwaka 1894 kwamba kimeng'enya na sukari yake vinakutana kama kufuli na ufunguo. Ni rahisi kusema. Kuunda kufuli kwa mikono, tena kufuli linalofanya kazi chini ya maji, kulichukua zaidi ya karne.

Njia ya kwanza ilikuwa kuazima kufuli la asili. Mwaka 1979 Michael Brownlee na Anthony Cerami, nchini Marekani, walitumia protini ya jamii fulani ya maharage, inayoshika sukari kwa asili yake, kuifunga insulini na kuiachia glukosi ikipanda. Wazo lilikuwa zuri. Protini za namna hiyo mwilini ni hatari. Baadaye wengine, hasa Japani katika miaka ya 1990, walitumia asidi zenye boroni, ambazo hushikana na sukari kwa urahisi, hata majini. Lakini asidi hizo zikiwa peke yake huipenda fruktosi kuliko glukosi, sawa na mbwa wa kulinda anayemkimbilia jirani kwanza. Kwa ustadi mwingi waliweza kuzielekeza, na kuna kihisi cha kupandikizwa chini ya ngozi kinachofanya kazi kwa njia hiyo, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2018.

Anthony Davis, kwanza akiwa Dublin na baadaye Chuo Kikuu cha Bristol, alichukua njia nyingine, na hii ndiyo iliyonifanya nicheke peke yangu maktabani. Aliangalia umbo la glukosi. Katika sura yake moja ya kawaida, haidroksili zote zimelala pembeni, zinatazama nje kama miiba ya gurudumu, na juu na chini kumebaki upara usiopenda maji. Basi akajenga nyumba ya kuipokea kwa umbo hilohilo: dari na sakafu za pete bapa zenye tabia ya mafuta, za kuukumbatia ule upara, na katikati nguzo zenye makundi ya kuzishika haidroksili za pembeni kwa vifungo vya haidrojeni. Glukosi inaingia kwa ubavuni na kutulia. Galaktosi ikijaribu, ile haidroksili yake iliyoinuka inagonga dari.

Wao waliiita hekalu. Ni watu wa mjini. Mtu wa Zombo akiuona mchoro ule anajua ni dungu. Sakafu ya fito, paa la nyasi, nguzo, pembeni wazi. Unapanda juu na manati yako mchana kuwalindia ndege mpunga, usiku unalala hapohapo nusu macho kwa ajili ya nguruwe pori. Mlinzi mzuri wa dungu hapigi kelele kwa kila kinachotikisa majani. Akiwa anamrukia kila upepo, kabla ya saa sita usiku amechoka, na nguruwe wenyewe wanakuja saa tisa.

Dungu la kwanza, la 1998, lilifanya kazi kwenye vimiminika visivyo maji tu. Mwaka 2005 likaweza maji, kwa unyonge. Mwaka 2012 likawa rahisi kulitengeneza na lenye nguvu zaidi. Lile lililochapishwa 2019 liliishika glukosi ndani ya maji kwa nguvu inayolingana na protini za asili, na liliwakataa ndugu zake karibu wote. Kati ya la kwanza na hilo ni miaka 21. Nawaambia hivi wanafunzi wangu wanaotaka matokeo ya jaribio kabla kengele haijalia.

Mwaka 2018 kampuni ya Denmark, Novo Nordisk, iliinunua kampuni changa ya Ziylo iliyotoka katika maabara ile, kwa makubaliano ambayo malipo yake yote yangeweza kupita dola milioni 800. Oktoba 2024 watafiti wake, wakiwa na wenzao wa Bristol na kwingineko, walichapisha insulini iliyopewa macho. Upande mmoja wa molekuli ya insulini wamepachika pete ya kushika glukosi, upande mwingine wamepachika kipande kinachofanana na glukosi. Sukari ya damu ikiwa chini, pete inakishika kile kipande, na insulini inajifunga kama kisu cha kukunja. Sukari ikipanda, glukosi halisi inakisukuma kipande nje na kukaa mahali pake, kisu kinakunjuka. Kati ya milimoli 3 na 20 kwa lita, uwezo wa insulini hiyo kushikana na kipokezi chake mwilini uliongezeka mara 3.2. Walijaribu kwa panya na nguruwe (wa kufugwa), na wanyama walikingwa kwa kiasi dhidi ya sukari kushuka. Haijizimi kabisa, inapungua tu. Lakini inapungua yenyewe, bila stripu, bila simu, bila mama kuamka.

Sasa turudi kwenye swali, kwa sababu limebadilika.

Rafiki zangu wa Dar, wengi wao watu wa afya, wakisikia habari hizi husema: hizo si zetu. Sisi bado tunatafuta friji za zahanati. Teknolojia kama hiyo ni ya wenye nazo, itatufikia baada ya miaka 50 kama ilivyo ada. Wanasema kwa unyenyekevu wa mtu mzima anayejua dunia. Nafikiri wamelishika jambo kichwa chini. Huyo mgonjwa wa Copenhagen mwenye kidude mkononi na duka la chakula lililo wazi usiku kucha tayari ana macho. Insulini inayoona kwake ni nafuu: atalala vizuri zaidi, atahesabu kidogo. Kwa yule asiye na stripu, na asiyejua atakula nini, insulini inayoona ndiyo tofauti kati ya kuchoma 14 na kuchoma 8. Thamani yake inapanda kadiri vipimo vinavyopungua. Kwa hiyo ikitengenezwa kwanza kwa ajili ya wenye vidude, haitakuwa tu kwamba maskini wamechelewa kama kawaida. Itakuwa kifaa kimepelekwa mahali kinapohitajika kidogo zaidi, kama mtu aliyeunda taa kisha akaiwasha mchana.

Nasisitiza hili kwa sababu mazungumzo yetu juu ya dawa za bei mbaya huwa ni ya sadaka. Tunaomba. Kampuni hiyohiyo ina mpango wa kuwapa watoto na vijana insulini bure, ulioanza 2009, na Tanzania imo. Ni jambo jema, na kuna watoto walio hai kwa sababu yake. Lakini sadaka inamuuliza mtoaji ana moyo kiasi gani. Mimi nauliza kitu kingine, kinachoweza kuulizwa hata kwa mtu asiye na moyo wowote: kifaa hiki ni cha kazi gani, na kazi hiyo iko wapi? Kama jibu ni kwamba kazi yake kuu ni kumlinda mtu asiyeweza kupima, basi asiyeweza kupima angekuwa mezani tangu siku ya kwanza, dozi zikipangwa, chupa ikichaguliwa, joto la kuhifadhi likijadiliwa.

Najua yanayoweza kusemwa dhidi yangu. La kwanza ni historia. Januari 1923, Frederick Banting na wenzake wawili waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto hataza ya insulini kwa dola moja kila mmoja, ili dawa iwe ya wote. Miaka 100 baadaye kampuni tatu zinashika zaidi ya asilimia 90 ya soko la dunia, na insulini ya kawaida, ile kipofu, bado haifiki kila mahali. Kama ya dola moja ilishindwa kufika, ya dola milioni 800 itafikaje? Sina jibu la kuliweka mezani, na sitajifanya ninalo. Ila naona kwamba hoja hii inahusu tutakachotendewa. Haisemi chochote kuhusu kilicho haki, na tumezoea sana kulipokea la kwanza kana kwamba ni la pili.

La pili ni friji, na hili linauma zaidi kwa sababu ni la kemia. Insulini yenye macho bado ni protini. Joto linaiharibu kama linavyoiharibu hii. Mama mdogo anahifadhi chupa kwenye mtungi mdogo uliowekwa ndani ya mkubwa, katikati mchanga unaomwagiwa maji, kivulini nyuma ya nyumba. Maji yakikauka taratibu kupitia udongo yanapunguza joto. Ni kemia safi na inasaidia, lakini Oktoba inapowaka inasaidia kwa shida. Dungu la Bristol halina la kusema kuhusu Oktoba ya Zombo.

La tatu nimelisikia kwa mwalimu mwenzangu wa dini, mtu ninayemheshimu. Aliniuliza: ukimpa molekuli kazi ya kukesha, si umeondoa kitu katika mapenzi ya mama na mtoto? Kuna uzuri katika mtu kumjua mwenzake kwa kumgusa shingoni gizani. Nikamwambia ni kweli upo uzuri. Mama mdogo anaamka saa tisa kila usiku kwa miaka sita, anapapasa shingo ya binti yake kutafuta jasho baridi. Hatumii taa, vidole vinatosha. Ametambua sukari kushuka mara nyingi kuliko kimashine. Lakini asubuhi hiyohiyo anakwenda shamba, na ana mgongo, na ana miaka 49. Wakemia wanauita ushikaji wa dungu lao "utambuzi", na mwanzoni neno hilo liliniudhi, kwa kuwa molekuli haimjui mtu. Haijui kwamba huyu ni mtoto wa nani wala kwa nini hakula. Inajua haidroksili zimelala upande gani. Siku hizi naliona neno hilo ni stahiki yake, kwa sababu limepunguziwa majukumu. Utambuzi wa jasho gizani unaweza kuachiwa kitu kisichochoka. Mama atabaki na utambuzi mwingine wote, na usingizi.

Linalonisumbua zaidi ya hoja zote tatu ni namna dawa hii itakavyojaribiwa kwa watu. Kujaribu insulini mpya kwa usalama kunahitaji kujua sukari ya mshiriki saa zote. Kwa hiyo washiriki wa kawaida watakuwa ni wale wenye vidude, wenye milo ya uhakika, walio karibu na hospitali. Ni utaratibu wa maadili, na nisingetaka ulegezwe kwa ajili ya watoto wa Kilosa. Tumekwisha kuwa nguruwe wa wengine mara za kutosha. Lakini maana yake ni kwamba ushahidi wote utakusanywa kwa watu ambao dawa inawasaidia kidogo, faida itaonekana ndogo, na mtu atakayepanga bei au orodha ya dawa muhimu atasema: kwa faida ndogo namna hii, ya nini? Kumlinda asiyeweza kupima kunazuia kujua kwamba yeye ndiye aliyehitaji zaidi. Sijaona mtu aliyelifungua fundo hili bila kukata kamba upande mmoja.

Desemba iliyopita nilimweleza binti mwenyewe. Ana miaka 17 sasa, yuko kidato cha tatu, na havumilii kuzungumziwa kama hayupo. Nilimchorea dungu kwenye mchanga kwa kijiti, nikamwonyesha glukosi ikiingia ubavuni, galaktosi ikigonga kichwa. Akacheka hapo kwenye kugonga kichwa. Kisha akanyamaza kidogo.

"Kaka, na ikikosea? Itaniambia?"

"Haitakuambia."

"Kama hii tu."

"Kama hii tu. Ila itakosea mara chache."

Akaangalia mchoro. "Na friji, inataka?"

Nikamwambia inataka, maana ni protini kama hii. Akainuka, akajipangusa mchanga magotini, akazunguka nyuma ya nyumba kuongeza maji kwenye mtungi.